Kwa nini vijiji vya Newala na Tandahimba viko juu ya uwanda usio na mito?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimehamishiwa shule moja ya sekondari wilayani Newala, mkoani Mtwara, nami ni mwalimu wa jiografia niliyekulia Lushoto. Kwetu Usambara mlima na maji havitengani: kila bonde lina kijito, mashamba ya mboga yanafuata mifereji, na mtu anayetaka kujenga huuliza kwanza chemchemi iko wapi. Hapa nimekuta nchi ya juu yenye ukungu wa asubuhi kama kwetu, lakini ukisafiri kutoka Newala kwenda Tandahimba huoni mto unaotiririka. Mto wa maana ni Ruvuma, nao uko chini kabisa, ilhali watu wengi wanaishi juu.

Wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo kitabu cha kiada hakilijibu: ikiwa maji yako bondeni, mababu walifuata nini huku juu? Sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha. Ningependa kuelezwa na wenyeji, au na yeyote aliyefanya kazi katika uwanda huu, kwa nini mvua inayonyesha hapa haifanyi mito, watu walikujaje kujaa juu namna hii, na hali hiyo imeyagusaje maisha ya vijiji, hasa katika mambo ya ardhi, ukoo na kazi za kila siku. Nitashukuru zaidi nikipata maelezo ambayo wanafunzi wanaweza kuyaona kwa macho yao.

Fundi Pampu Mstaafu

Mwalimu, karibu Newala. Nilifanya kazi ya maji katika uwanda huu mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu lile swali la kwanza, na hayo ya ukoo nawaachia wanaoyajua.

Kwanza waondolee wanafunzi wazo kwamba Newala ni mlima kama Usambara. Milima yenu imeumbwa kwa miamba migumu ya kale, na mvua ikiipiga, maji hushuka juu ya mwamba au hutokeza katika nyufa zake. Uwanda wa Makonde ni matabaka ya mchanga na mawe ya mchanga yaliyolala moja juu ya jingine. Umeinuka upande wa magharibi, ambako ukingo wake unafika kati ya mita 700 na 900 juu ya usawa wa bahari, kisha unateremka polepole kuelekea mashariki hadi jirani na Mikindani. Upande wa kusini umekatwa na bonde la Ruvuma, na upande wa kaskazini na bonde la Lukuledi. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa, na ndiyo sababu mtu akisimama Shimo la Mungu, mahali pa kutazamia bonde hapo ukingoni, huiona nchi ya chini imetandazwa mbele yake mpaka upande wa Msumbiji.

Pili, mvua si haba. Tuna msimu mmoja, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na kwa mwaka wa kawaida uwanda hupata takriban milimita 1,000, kiasi ambacho watu wa Dodoma wangekipokea kwa shangwe. Shida ni kwamba udongo wetu ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu, na maji hayakai juu yake. Yanapenya moja kwa moja, yanashuka chini sana mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, kisha yanatembea kwa upande na kutokeza kama chemchemi miguuni mwa miteremko. Kwa hiyo uwanda wote ni ghala kubwa la maji ambalo mlango wake umefunguliwa chini.

Kazi yetu sisi mafundi ilikuwa kuyarudisha maji juu. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na chanzo chake kikubwa kinachojulikana na kila mtu hapa ni visima vya Mitema katika bonde la Kitangari. Maji yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi yaliyo juu, kisha yanateremka kwa mabomba kwenda vijijini. Baada ya Uhuru serikali iliamua kwamba maji ya vijijini ni huduma ya bure, na mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka ishirini wa kuwafikishia wananchi wote. Katika miaka hiyo ya 1970 Finland iliingia kusaidia mikoa ya Mtwara na Lindi, na wazee wengi bado wanawakumbuka mafundi wa Kifini. Sera ya maji ya mwaka 1991 ilirudisha utaratibu wa mwananchi kuchangia, na kwa mtazamo wangu hapa halikuwapo jingine la kufanya, kwa sababu katika uwanda huu kila ndoo inapandishwa mamia ya mita kwa dizeli au umeme. Penye mserereko, yaani maji yanaposhuka yenyewe bila pampu, bomba likishalazwa kazi kubwa imekwisha; hapa pampu ikisimama wiki moja, vijiji vyote vilivyo mwisho wa bomba vinarudi kwenye maisha ya zamani.

Ndiyo maana nakushauri uwapeleke wanafunzi wakaangalie nyumba. Wataona gata zilizofungwa kwenye bati, na uani wataona mdomo wa kisima cha kuhifadhia maji ya mvua, yaani shimo lililochimbwa ardhini na kusakafiwa kwa saruji. Nyumba ya nyasi haiwezi kujaza kisima hicho. Kwa hiyo fedha ya korosho ilipowawezesha watu kununua bati, iliwanunulia na maji, na mtu asiye na bati hadi leo hununua ndoo kwa jirani yake mwenye nacho. Nadhani hilo linaeleza tofauti ya kipato katika kijiji kuliko jedwali lolote.

Msomaji wa Masasi

Namshukuru mzee Fundi. Mimi nitasema juu ya swali la pili, kwa kuwa majibu yake yako katika karne ya 19.

Nchi ya kati ya Ruvuma na Lukuledi ilikuwa njia. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita huku ikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani, ikiwa na pembe na watumwa, na baadaye mashambulizi ya Wangoni yakafika mpaka Masasi. Misheni iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ilivamiwa mwaka 1882, na baadhi ya wamisionari wakahamia Newala kwa Matola, chifu wa Kiyao. Tazama wenyewe: hatari ilipokuja walipanda. Zamani uwanda ulikuwa umefunikwa na vichaka vilivyofungamana sana, ambavyo jeshi lisilojua vijia vyake lisingeweza kupita, na kukosekana kwa maji kulikuwa tatizo kwa adui kuliko kwa mwenyeji, kwa sababu adui hakujua mahali pa kuteka.

Mfano mzuri ni Machemba, chifu wa Kiyao aliyekaa Luagala, ambayo leo iko katika wilaya ya Tandahimba. Aliwakatalia Wajerumani kwa takriban muongo mzima wa 1890, na aliposhindwa kukaa tena mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Mtu asingeweza kufanya hivyo akiwa amejenga bondeni, kando ya njia ya misafara.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wasiliache ni kwamba ng'ambo ya Ruvuma kuna uwanda wa Mueda, unaofanana na huu kwa udongo, kwa ukame wa juu na kwa watu. Wamakonde wa pande zote mbili wamekuwa wakivuka mto huo kwa ndoa, kwa kazi za mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, na kwa kukimbia vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Mpaka umechorwa katikati ya mto, lakini koo ziko kotekote.

Mkulima wa Tandahimba

Ndugu yangu wa Masasi amesema kweli, ila naomba nipingane naye kidogo, maana maelezo hayo yakiachwa peke yake wanafunzi watadhani mababu zetu walikuwa wakimbizi tu waliokwama juu. Vita vilikwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbona hawakushuka?

Wazee wana hadithi ambayo mtaalamu wa mila wa Kijerumani, Karl Weule, aliikuta ikisimuliwa alipofika huku mwaka 1906, na hata leo utaisikia. Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, nayo ikageuka mwanamke. Walikwenda kukaa mtoni, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde jingine, ikawa vilevile. Walipopanda nchi ya juu yenye vichaka, mtoto wa tatu akaishi. Sioni hapo habari ya adui hata kidogo. Ninachokiona ni ujuzi wa afya wa watu waliogundua kwamba bondeni homa huua watoto, kabla ya mtu yeyote kuwaeleza habari za mbu. Ongeza hapo tembo, viboko na mamba wa Ruvuma, na mafuriko, utaelewa kwa nini watu wetu wameshuka bondeni kulima mpunga kisha wakapanda kulala.

Na mchanga huu unaoyameza maji si udongo mbaya. Muhogo unaupenda, na mtu aliyekuwa na muhogo, mtama na kunde hakuhitaji kijito shambani. Zamani familia ilifyeka kichaka, ikalima miaka michache, ikakiacha kiote tena na kuhamia kingine, hivyo ardhi ilipumzika. Kisha ukaja mkorosho, mti ulioletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, ambao mizizi yake inakwenda chini sana na kuyafuata hayo maji ambayo mzee Fundi anasema yamepotea. Mkorosho na uwanda wetu vilipatana kabisa.

Hapo ndipo mambo ya ukoo yalipoanza kubadilika, na naomba Mwalimu alitilie maanani hili. Kwa desturi sisi tunahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya wapwa wake, na shamba lilikuwa la watu wa ukoo, si la mtu na wanawe. Utaratibu huo haukuwa na taabu pale ambapo shamba lilidumu miaka michache tu. Lakini mkorosho unazaa kwa miongo kadhaa. Baba akipanda mikorosho mia pamoja na wanawe, wakaipalilia na kuipulizia dawa, kisha akafariki, nani arithi: watoto waliotoa jasho au wapwa wenye haki ya ukoo? Kesi nyingi za mabaraza ya vijiji vyetu zimezaliwa katika swali hilo. Akina baba wengi siku hizi, wangali hai, huwagawia watoto mbele ya mashahidi, ili ukoo usije kudai baadaye, na pia dini, hasa Uislamu wenye taratibu zake za mirathi, imewapa akina baba hoja ya kusimamia. Hata hivyo mjomba hajaondoka. Jaribu kuozesha binti bila yeye, uone.

Utakuta pia kwamba mikorosho inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi. Mtu mwenye shida ya matibabu au ada huweka rehani miti kadhaa kwa misimu fulani, na aliyetoa fedha huvuna mpaka muda uishe. Ni msaada wa haraka, lakini nimeona familia zilizobaki kuwa walinzi wa miti yao wenyewe.

Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilituumiza upande huo. Watu walisogezwa karibu na barabara na huduma, nyumba zikakaa mbali na mikorosho, na mkorosho usiofyekewa hushikwa na moto wa porini au magugu. Taifa lilikuwa limevuna takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia, bei ilichangia, lakini na umbali wa kutoka kitandani hadi shambani ulichangia. Uzalishaji ulirudi kwa salfa, dawa ya unga ya ugonjwa huo, kwa miche bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, na kwa watu kurudia mashamba yao, hata tukavuka tani 300,000 msimu wa 2017/18.

Binti wa Kitangari

Wazee wangu, shikamooni. Nimesoma yote, na nimeona kwamba maji yamezungumzwa kwa pampu na historia kwa machifu, ila aliyekuwa akipanda mteremko na mtungi kichwani hajatajwa.

Kabla ya bomba, na kila bomba linapokauka, kazi ya maji imekuwa ya wanawake na wasichana. Safari ya kwenda chemchemini iliamuliwa na ukali wa mteremko zaidi ya kilomita, kwa kuwa mtu alishuka akiwa mtupu na kupanda akiwa amebeba. Waliondoka alfajiri kwa vikundi, kwa usalama na kwa zamu ya kuteka, kwa sababu chemchemi ndogo ikitekwa na watu wengi inabidi kusubiri ijae tena. Kutokana na hayo nyumba ilijifunza matumizi ya maji ambayo mgeni kutoka Lushoto anaweza kuyaona ni ubahili: maji ya kuoshea mchele yananywewa na kuku, na maji ya kufulia yanamwagiliwa mche. Nakuomba, Mwalimu, mwanafunzi wa kike akichelewa kipindi cha kwanza mwezi wa Septemba au Oktoba, umwulize kwanza habari za maji kabla ya adhabu.

Mwaka wetu unagawanywa na mvua na korosho kwa pamoja. Masika ni kilimo cha chakula. Kuanzia Juni mashamba yanafyekwa na kufagiliwa chini ya miti, kisha zinaanza kelele za mashine za kupulizia salfa, na harufu yake inaingia mpaka jikoni. Mikorosho ikianza kudondosha Oktoba, kila aliye na mikono anaokota. Korosho inakaushwa, inapelekwa chama cha msingi cha ushirika, inapimwa na kupewa daraja, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara katika msimu wa 2007/08 inauzwa kwa mnada badala ya kuuzwa mlangoni. Mwenye njaa hawezi kusubiri mnada, na huyo ndiye anayenaswa na kangomba, mnunuzi wa siri anayepima kwa kopo lake. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, nayo hayatupwi. Yanaliwa, yanakaushwa, na wengine hutengeneza uraka, pombe ya mabibo, ambao viongozi wa dini hawaupendi na wachezaji ngoma hawauachi.

Ngoma zenyewe zinafuata mfuko. Jando na unyago havifanywi wakati wa njaa. Vinasubiri mavuno, na siku hizi vinasubiri na likizo za shule pia, kwa agizo la halmashauri. Nyumba inayomtoa mwali hulisha watu wengi, hununua khanga, hukodi muziki pembeni ya ngoma, na majirani hutunza fedha ambazo zinakumbukwa vizuri sana, kwa kuwa zitarudishwa zamu yao ikifika. Kwa mwanajiografia hilo ni soko la mikopo lisilo na karatasi, na linaendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake.

Mtu wa Mtama

Nawaunga mkono kwa machache kutoka upande wa Lindi. Kaskazini ya Lukuledi tuna uwanda wa Rondo, wenye kimo kinachokaribia cha Newala, lakini sehemu yake imebaki msitu wa hifadhi, na ndiko anakopatikana komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo. Mwalimu akiweka picha za nyanda hizi mbili pamoja, mmoja umejaa mikorosho na watu na mwingine una msitu, atakuwa na somo zima la matumizi ya ardhi.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Nawashukuru nyote, hasa Binti wa Kitangari, kwa kuwa kuhusu wachelewaji nitazungumza na walimu wenzangu wiki hii hii. Nimeamua kuwatoa wanafunzi nje. Je, ni njia gani itawaonyesha safari ya maji kutoka juu hadi chini kwa siku moja, na ni mwezi gani unafaa?

Fundi Pampu Mstaafu

Anzieni Shimo la Mungu asubuhi, ukungu ukishaondoka, wachore umbo la ukingo na bonde. Hapo juu wachimbe udongo kidogo na kuutia katika chupa iliyokatwa kitako, na chupa nyingine waende nayo bondeni kuijaza udongo wa mfinyanzi. Wakimwaga maji kiasi kilekile katika zote mbili, watajionea wenyewe kinachotokea. Kisha mshuke Kitangari mkaone chanzo, ila mwandikie mapema meneja wa mamlaka ya maji, kwa kuwa eneo la visima lina uzio na watu hawaingii bila ruhusa. Mkiwa njiani wahesabu nyumba za bati zenye gata na zisizo nazo katika kijiji kimoja mtakachochagua.

Mwezi wa Agosti au Septemba ni mzuri, kwa sababu visima vya mvua vimeanza kupungua na watu watakuwa na la kuwaeleza. Epukeni masika, kwa kuwa barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina kilomita 210, na lami yake ilianza na kilomita 50 tu kutoka Mtwara hadi Mnivata, hivyo msikodi basi kabla ya kuulizia hali ya njia kwa madereva wa Kitangari. Wapeni wanafunzi barakoa pia, kwa sababu Agosti salfa bado inapulizwa mashambani asubuhi na mapema, na wenye pumu wasipite karibu.